Watu wa Kijuju na Visima vya Ugogo

Desemba ni mwezi ambao sisi watu wa Chamwino hutazama mawingu kuliko tutazamavyo barabara. Katika mwezi huo, mwaka 2024, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Dar es Salaam, alikuja kukaa nami kwa majuma matatu. Alikuwa amemaliza kidato cha pili. Alikuja na begi moja la nguo na kompyuta mpakato, ambayo aliitunza kuliko nguo zenyewe. Jioni ya siku ya pili, nilipokuwa barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nilisikia kutoka chumbani mwake sauti za wanaume wakifoka kwa Kiswahili. Walikuwa wengi, na hasira yao ilikuwa ya watu waliokwisha kuazimia kuua. Kisha ikafuata milio ya bunduki. Nikaitupa kalamu, nikakimbilia ndani.

Hapakuwa na mtu ila yeye. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, vidole vyake vikienda mbio juu ya vitufe. Katika kioo cha kompyuta, watu weusi walikuwa wakimjia kwa mashoka na mapanga, naye akiwaangusha mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wakianguka ndio waliokuwa wakisema Kiswahili. Aliyekuwa akiwapiga risasi alisema Kiingereza.

Nilimwuliza ni mchezo gani. Akanieleza kwa adabu, bila kuondoa macho, kwamba ni mchezo wa zamani aliopewa na rafiki yake, uitwao Resident Evil 5, uliotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani na kutolewa mwaka 2009. Mambo yake hutukia mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, katika bara letu. Wenyeji wa mahali hapo wameingizwa vimelea miilini na wamegeuka kuwa viumbe wasio na utu, ambao mchezo wenyewe unawaita Majini. Ndiyo, msomaji, ni neno letu lile lile, lililochukuliwa likiwa zima.

Niliketi pembeni yake kutazama. Yafaa nikiri kwamba kwa muda wa robo saa nilisahau madaftari. Mchezo ule umetengenezwa na mafundi wa hali ya juu. Vumbi lake ni vumbi, na jua lake linachoma. Baadaye mpwa wangu akafika katika eneo la maji na matete, akakutana na watu wa aina nyingine. Hawa walivaa majani kiunoni, wakajipaka rangi, wakafunika nyuso kwa vinyago, wakashika mikuki. Jina lao ni Wandipaya. Hawako popote duniani, wamebuniwa. Alipokwisha kuwaua, mpwa wangu alisimamisha mchezo, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

“Mjomba, Wagogo wa zamani nao walikuwa hivi?”

Nilimjibu “Hapana” kwa ukali ambao hakuustahili. Usiku ule nililala nikiona haya, maana jibu langu halikutoka katika elimu. Lilitoka mahali ambapo ninapafahamu vizuri, na ambapo sipapendi.

Nilipokuwa kijana nilipelekwa kusomea ualimu katika chuo kimoja cha pwani. Katika juma la kwanza tulijitambulisha, kila mmoja akitaja kwao. Niliposema mimi ni Mgogo, kijana aliyeketi nyuma yangu alinyoosha kiganja, akainamisha kichwa, akaomba sadaka kwa sauti ya kilio. Darasa zima likacheka. Wapo wasomaji watakaosema kwamba huo ni utani tu, na kwamba makabila yetu yameishi kwa utani. Nami naujua utani. Lakini utani una kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba anayetaniwa ana nafasi ya kurudisha. Mimi sikuwa na la kurudisha. Tangu siku hiyo, aliponiuliza mtu kwetu ni wapi, nilisema “karibu na Morogoro.” Mama yangu alikuwa mpigaji hodari wa ngoma ya muheme, katika miaka miwili ya chuo sikumtaja hata mara moja.

Kwa hiyo mpwa wangu alipouliza swali lake, mtoto aliyezaliwa mjini, asiyejua Kigogo zaidi ya salamu, nilisikia kicheko cha darasa lile. Nikaona kwamba sina budi kumjibu upya. Na ili nimjibu, ilinipasa kwanza niutazame mchezo wenyewe kwa uadilifu, bila hamaki.

Niliutazama kwa siku tatu. Nililoligundua lilinishangaza zaidi ya majani na mikuki. Wandipaya wana historia, na historia yao ni ya kudhulumiwa. Katika mchezo huo mna karatasi ambazo mchezaji huziokota njiani na kuzisoma. Humo imeandikwa kwamba watu hawa waliwahi kuwa na ufalme. Kwamba walilinda ua fulani lililokuwa takatifu kwao. Kwamba wageni kutoka Ulaya walilitafuta ua hilo, wakalipata, wakawanyang'anya wenyeji mahali pao kwa nguvu, na kutokana nalo wakajenga kampuni yao kubwa. Mna pia shajara ya kijana wa kijiji, anayeeleza jinsi watu wa kampuni walivyokuja kuwachoma sindano wanakijiji, na jinsi jamaa zake walivyobadilika mmoja mmoja mpaka zamu yake mwenyewe ikafika. Aliyeandika karatasi hizo hakuwa mjinga wala hakuwa na moyo wa jiwe. Alijua nani mwizi na nani mwibiwa.

Sasa hebu tutazame linalofuata. Mchezaji huisoma shajara, huifunga, hujaza risasi, hutoka nje na kuwaua ndugu za mwandishi wake. Mchezo haumpi njia nyingine. Wandipaya wamepewa jeraha, lakini hawakupewa siku ya kawaida. Hatuoni mmoja wao akikoka moto, akimkemea mtoto, akidaiwa mbuzi wa mahari, akimcheka shemeji yake. Hatujui wanakula nini. Kwa watu wa Kijuju, Kiswahili ni lugha ya kufokea tu; hakuna anayekitumia kuuliza bei ya nyanya. Watu wa namna hiyo hawawezi kuhurumiwa kwa dhati, hata kama historia yao inasikitisha, kwa sababu huruma huhitaji mtu wa kumhurumia.

Nilimweleza mpwa wangu maneno haya, naye akanipinga, jambo lililonifurahisha. Alisema iko michezo mingine ambamo wanyonge wametendewa vizuri zaidi, akanitajia Dragon Age: Origins, mchezo wa Kanada wa mwaka huo huo wa 2009. Humo mna jamii ya Waelfi, watu wa masikio yaliyochongoka, ambao zamani walifanywa watumwa, wakapoteza nchi yao na sehemu kubwa ya lugha yao, na ambao sasa wengi wao huishi mijini katika mitaa iliyozungushiwa ukuta. Mchezaji aweza kuchagua kuwa mmoja wao. Katikati ya mtaa wao umesimama mti mkubwa, uliopambwa kwa rangi, ambao wao huuita mti wa watu. Hadithi huanza siku ya arusi. Nilipouona mti ule nilinyamaza kidogo, maana mtu aliyekulia chini ya mbuyu hawezi kuudharau. Hapo kweli kuna siku ya kawaida: kuna posa, kuna binamu mwenye maneno mengi, kuna baba anayehangaika. Lakini kabla arusi haijafungwa, mtoto wa mtawala anaingia na watu wake na kuwateka wanawake. Arusi imewekwa ili ipate kuvunjwa. Hata hivyo nakubali kwamba ni hatua, na si hatua ndogo.

Wa tatu alionionyesha ni Skyrim, wa Marekani, uliotoka mwaka 2011. Mna watu wenye sura za paka, waitwao Khajiit, wanaosafiri kwa misafara ya biashara na kupiga mahema nje ya kuta za miji, kwa kuwa wenyeji hawawaruhusu kuingia. Husemwa kwamba ni wezi. Nilipoiona ile misafara nje ya kuta, nilimwambia mpwa wangu afunge kompyuta, tutembee. Nilitaka kumwonyesha misafara mingine, iliyopita katika nchi hii hii, ambayo kwayo jina la Mgogo liliharibiwa kwa mara ya kwanza.

Tulikwenda mpaka upande wa Mvumi. Yeyote aliyesoma historia ya karne ya 19 anajua kwamba njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilipita Ugogo. Msafara uliotoka Mpwapwa ulivuka nyika kame ya Marenga Mkali, mahali pasipo maji ya kunywa, ukafika kwetu ukiwa na kiu. Na hapa maji hayakuwa yakitiririka ovyo. Yalikuwa katika visima vilivyochimbwa kwa mikono na kulindwa na watu, kila eneo likiwa na mtemi wake. Mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, wa kunywa na wa kulisha wanyama. Ulilipwa kwa nguo, shanga na waya. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita Mvumi mwaka 1871. Walilipa, wakanung'unika, kisha wakaandika vitabu. Katika vitabu hivyo Mgogo ni mtu mkorofi, mwenye tamaa, mnyang'anyi wa wasafiri. Havielezi ilimgharimu nini mwenye kisima kuwanywesha wapagazi mamia kwa asubuhi moja, katika nchi ambamo kiangazi hakina huruma.

Tazama basi jinsi mambo yanavyofanana. Msafiri alimkuta mtu akilinda kisima chake, akamwandika kuwa mwizi. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1917 na 1920, ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana. Watu walitawanyika kutafuta chakula. Na huyo aliyetawanyika akaandikwa tena, safari hii kuwa mwombaji. Watu wale wale walikuwa wanyang'anyi walipokuwa na maji, wakawa ombaomba walipokosa nafaka. Yule kijana wa chuoni aliyeninyooshea kiganja hakuwa amesoma Burton wala Stanley. Hakuhitaji. Mambo haya huenda kama vumbi la Ugogo, yakaingia hata katika nyumba zilizofungwa madirisha.

Hapa ndipo nilipomtaja kwa mpwa wangu Mathias Mnyampala, ambaye wanafunzi wengi humjua kwa ngonjera zake tu. Alizaliwa Dodoma mwaka 1917, mwanzoni mwa njaa ile ile, akafariki mwaka 1969. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Aliandika kwa Kiswahili, akijua kwamba watakaosoma hawatakuwa Wagogo peke yao. Sisemi kwamba kila alichoandika ni sahihi. Wanahistoria wamemsahihisha hapa na pale, kama inavyopasa. Ninachosema ni kwamba humo koo zina majina, na watemi nao wana majina, na watu wanaoa, wanarithi, wanagombana juu ya mipaka. Mtu aliyekisoma kitabu hicho akiwa na umri wa miaka kumi na tano asingekaa kimya darasani kama nilivyokaa mimi.

Lakini nisije nikawalaumu wageni peke yao. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba waliosoma miongoni mwetu walijua kucheza dansi za Ulaya na hawakuzijua ngoma za kwao. Tukazirudisha ngoma, na tulifanya vema. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo huu, aliitwa na Mwalimu mwenyewe kwenda Dar es Salaam, na mpaka alipofariki mwaka 2003 alikuwa amelisikilizisha zeze na marimba ya Kigogo mabara kadhaa. Hata hivyo, ni mara ngapi sisi walimu tumewapanga wanafunzi uwanjani, tukawavika kaniki na njuga, wakapiga muheme kwa dakika saba mbele ya mgeni rasmi, kisha tukawaambia wakavue? Muheme ni ngoma ya wanawake. Mama yangu aliibana katikati ya mapaja, akaipiga katika shughuli za unyago, mahali ambapo kila pigo lilikuwa na sababu yake na kila wimbo ulikuwa na mtu wa kuambiwa. Tunapoikata ikawa dakika saba, tunabaki na mavazi na kelele. Mtengenezaji wa Wandipaya naye alibaki na hayo hayo.

Jambo la lugha nalo lina kinyume chake. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa Kimarekani uitwao Civilization IV, ambao unafunguliwa kwa wimbo “Baba Yetu,” Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuipata. Kwaya nyingi huuimba. Kwa hiyo katika muda wa miaka minne Kiswahili kilitumika katika michezo hiyo kwa sala na kwa kufoka. Kwa mazungumzo, bado. (Watazamaji wa Kenya watakumbuka filamu ya mwaka 1983 ya vita vya angani, Return of the Jedi, ambamo Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa Marekani, alimpa sauti rubani wa sayari ya mbali, akanena maneno ya Kikuyu. Duniani kote yalisikika kama lugha ya viumbe wa ajabu. Nairobi watu waliyaelewa, wakacheka mpaka machozi.)

Mazungumzo yalikuja mwaka 2024. Mpwa wangu ndiye aliyenijulisha. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake, na kutokana na msiba huo akatengeneza, pamoja na wenzake, mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Kijana mganga, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Babu yake Salim alikuwa mganga wa jadi, na hadithi ziliingia katika mchezo kwa njia ya nyumbani. Mchezaji akitaka, aweza kuucheza wote kwa Kiswahili. Tuliutazama pamoja katika video, kwa kuwa mpwa wangu hakuwa na fedha za kuununua. Nina la kuulaumu: umechanganya majina na itikadi za Wabantu wa kusini, wa Kongo na wa mashariki katika chungu kimoja, na Mgogo atatafuta chake asikione. Lakini Zau anazungumza. Anabishana na mauti kwa Kiswahili, anafanya kiburi, anaomba radhi, anamlilia baba. Nilimtazama mpwa wangu wakati huo. Alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo hakunyamaza mbele ya Kijuju; baba yake yeye alikwishatutoka miaka mitatu iliyopita.

Katika juma la mwisho niliona ameiacha kompyuta na kuchukua daftari. Alikuwa akichora. Nilipochungulia niliona nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa la udongo lililo sawa kama meza, na ua wa ng'ombe katikati: tembe, kama ile aliyozaliwa mama yake. Juu ya paa alikuwa amechora mtama ulioanikwa. Akaniambia kwamba anabuni mchezo wake. Mchezaji atakuwa mtemi. Msafara unatoka Marenga Mkali, watu mia tatu, wana kiu, wana bunduki, wana nguo za kulipa. Mchezaji ataamua atoze kiasi gani. Akitoza kidogo, kisima kinakauka na watu wake wanahama. Akitoza kingi, wasafiri wanapiga risasi, au wanapita njia nyingine na kwenda kumwandika vibaya.

“Mjomba,” akasema, “kisima kimoja kilitosha watu wangapi kwa siku?”

Miaka ishirini na mitatu nimefundisha historia, na hilo sikulijua. Kesho yake tulimwendea mzee mmoja ambaye katika ujana wake alichimba visima vya mchanga mitoni, naye ni mkali kwa watu wanaouliza ovyo. Tukampa mbukwa, tukakaa. Mpwa wangu akauliza swali lake kwa Kiswahili cha mjini, mikono ameiweka magotini. Mzee akamtazama kwa muda mrefu.

“Kiangazi cha mwezi gani?” akamwuliza. “Na ng'ombe wamekwisha kunywa, au bado?”

Mtoto akafungua daftari, akayaandika maswali yote mawili.